Kabla ya kuagiza mzigo, piga hesabu ya reli pia

Mimi huagiza vipuri vya magari kupitia bandari ya Mombasa. Mteja akilalamika bei, humwonyesha karatasi za forodha, na macho yake huishia kwenye ushuru na VAT. Mstari wa RDL huuruka. Ni tozo ya maendeleo ya reli, iliyoanza 2013 kwa asilimia 1.5 ili kugharimia SGR, reli mpya ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi. Mwaka 2020 ilipanda hadi asilimia 2, ikashushwa 2023, na mwishoni mwa 2024 ikarudishwa 2. Mzigo wa thamani ya shilingi 500,000 unakatwa 10,000, hata ukisafirishwa kwa lori kutoka getini mpaka dukani kwako.

Kwa hiyo, kabla hujamtumia muuzaji pesa, keti na wakala wako mpige hesabu yote. Msishike bei ya ankara peke yake, kwa maana forodha huongeza nauli na bima kabla ya kukata asilimia. Weka na IDF, ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5. Nimeona wenzangu wakipanga bei kwa kutazama ushuru tu, faida yote ikaishia kwenye vimistari hivyo.

Upande wa bandari ndio unaoniuma zaidi. Katika makubaliano ya 2014, KPA, yaani Mamlaka ya Bandari ya Kenya, ilijifunga kuipatia reli kiwango fulani cha mizigo kila mwaka, na kikipungua, bandari ifidie pengo. Maana yake mapato ya bandari, ambayo yangetengeneza gati na kutupunguzia ada, yaliwekwa dhamana ya deni la reli. Ndipo 2019 ikaja amri ya kulazimisha makontena yapande treni hadi Nairobi. Wenye malori, mawakala na mama lishe wa Mombasa waliumia hadi amri hiyo ilipoondolewa Septemba 2022. Na mikataba ya mkopo wa kujenga reli hiyo? Ilianza kuwekwa hadharani Novemba 2022, treni ikiwa imeshabeba abiria tangu 2017. Hilo si sawa hata kidogo. Anayelipa ana haki ya kusoma kabla ya kulipa.

Siipingi reli. Ninachotaka ni tuulizwe mapema, na nafasi ipo: Mswada wa Fedha huletwa Bungeni kila mwaka, na Katiba, kifungu cha 201, inataka umma ushirikishwe katika mambo ya fedha. Ukiandikia kamati ya fedha, usijaze karatasi malalamiko. Taja kifungu cha mswada, onyesha mzigo wako mmoja ulivyokatwa kabla na baada ya mabadiliko, kisha pendekeza maneno unayotaka yawekwe. Uliza pia tozo iliyokusanywa mwaka uliopita ililipa nini, na kama imewekwa rehani kwa mkopo mwingine. Andikeni kupitia chama chenu cha wafanyabiashara, kila mmoja aambatanishe hesabu zake.