Nimemaliza chuo, bado nisome?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkunga, zamu za usiku zinanichosha. Nitajiendelezaje bila kurudi chuo?
Mkunga, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Enzi zetu tulifundishwa kuwa uchungu umekolea mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 4. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linasema 5. Aliyefunga madaftari siku ya mahafali anaweza kudhani mama anachelewa, akamwongezea uchungu kwa dawa bila sababu, na hilo linaniuma. Soma palepale wodini. Kabla ya kukabidhi zamu, chukua patografu (chati ya kufuatilia uchungu wa mama) iliyokusumbua, funika nusu ya mwisho, jiulize ungeamua nini saa ile, ndipo ufungue mwongozo. Wiki hiyohiyo mweleze mwenzako; atakapokuuliza ukakwama, hapo ndipo pa kusoma kesho.