Malaria hana, damu imekwenda wapi?

SWALI: Shikamoo bibi. Mwanangu wa miaka 7 ana selimundu. Alipata mafua na homa kidogo, tukadhani yamepita. Baada ya siku chache akalegea, viganja vyeupe. Hospitali wakapima: damu 3.4, na kawaida yake ni 7 na ushei. Malaria hakuna. Akaongezewa damu, daktari akasema ni virusi vya parvo. Jirani anasema nimfukuze mbwa wetu, parvo ni ya mbwa. Mie nimekazana na choya na dawa ya madini ya chuma. Damu ililiwa na nini? Na mdogo wake, naye ana selimundu, je?
Mama wa Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa kuuguza. Mbwa mwache alale barazani kwake. Parvo ya mbwa haimpati mtu. Yetu inaitwa B19, huenda kwa mafua na mate, mtu kwa mtu. Jina lenyewe ni la kimaabara tu: mwaka 1975 huko London, Yvonne Cossart na wenzake walikuwa wakipima damu kutafuta homa ya ini, na sampuli iliyowashangaza ilikuwa namba 19 ya kundi B.

Damu haikuliwa na kitu. Haikutengenezwa. Virusi hivi huingia kwenye uboho, ndani ya mifupa, vikaua seli changa ambazo zingekuja kuwa seli nyekundu. Kwa siku 7 hadi 10 hivi uboho hautoi kitu. Mimi na wewe seli zetu nyekundu huishi siku 120 hivi. Tuna ghala, lori lisipoleta mzigo wiki moja hatujui. Za mwanao, kwa kuwa selimundu huzipinda kama mundu zikavunjika mapema, huishi siku 10 mpaka 20. Yeye ni kama muuza chapati wa Ngamiani: alichopika asubuhi ndicho kinacholiwa asubuhi. Mpishi akiugua, meza tupu.

Nimekaa kwenye hadubini miaka mingi kabla ya kustaafu, na kisa cha kwanza kilinitia aibu. Ukiitia damu rangi ya buluu maalumu, seli changa zilizotoka kwenye uboho juzi au jana huonekana na vinyuzi ndani, kama kipande cha wavu. Kwa mtoto wa selimundu huzikosi, maana uboho wake hufanya kazi usiku na mchana. Siku ile nikasogeza kioo, nikasogeza, sikuona hata moja. Nikalaumu rangi, nikachanganya nyingine. Hakuna kitu. Rangi ilikuwa nzima, uboho ndio uliofunga duka.

Kwa hiyo choya mpe, ni kinywaji kizuri, lakini kwa jambo hili ni sawa na kumpelekea unga mpishi aliyelala kitandani. Dawa ya madini ya chuma usimpe kabla hujamuuliza daktari. Watoto wa selimundu wengi hawakupungukiwa na madini hayo, na kila damu anayoongezewa inakuja nayo. Foliki asidi aliyoandikiwa kliniki aendelee nayo. Mwili ukishatengeneza kinga, uboho huamka wenyewe, na kwa kawaida ugonjwa huu haumrudii tena.

Huyo mdogo ndiye anayenitia wasiwasi. Wamelala chumba kimoja, wamekunywa kikombe kimoja. Mpeleke apimwe damu wiki hii hata kama anacheza, na umwangalie kwa wiki mbili tatu: midomo, viganja, kuhema haraka, uvivu wa ghafla. Macho kutokuwa manjano kuliko siku zote kusikutulize, maana hapa seli hazivunjwi kwa wingi zaidi, ila mpya haziji. Mguse na ubavu wa kushoto chini ya mbavu. Wengu likivimba ghafla, hiyo ni dharura nyingine, nenda saa hiyohiyo. Chanjo ya binadamu bado hakuna. Na kama wewe au shoga yako mna mimba, semeni kliniki, maana virusi hivi huweza kumpunguzia damu mtoto tumboni, ingawa wengi huzaliwa salama.

Mwombe daktari akuandikie kwenye kadi ya kila mtoto kiwango chake cha damu cha siku zote. Ukifika hospitali saa nane usiku, atakayekupokea hamjui mwanao. Akiona 5 peke yake, huenda asishtuke. Akiona kawaida yake 7, ataita maabara.