Milioni 41 za Sanderson: mwandishi hubaki na ngapi?

Swali: Naandika riwaya ya fantasia, nimefika ukurasa wa 200. Nimesoma kwamba Mmarekani Brandon Sanderson aliingiza dola milioni 41 kwa mwezi mmoja, Machi 2022. Zote ni zake? Na mwenye mchapishaji hulipwaje?

Jibu: Si zake zote, ndugu yangu. Zile dola 41,754,153 ni mauzo. Watu 185,341 walilipia mapema, kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha za miradi, riwaya nne alizoziandika kimyakimya wakati wa korona. Kickstarter hukata asilimia 5, yaani zaidi ya dola milioni 2 hapo hapo, na wanaopitisha malipo ya kadi nao wana chao. Bado karatasi, uchapaji, ghala, posta na mishahara ya kampuni yake, Dragonsteel. Tena waliolipa dola 500 walikuwa wanangoja na maboksi ya zawadi, na boksi halijazwi kwa kalamu.

Kinachobaki, hata hivyo, kinashinda kwa mbali mrabaha, yaani fungu analolipwa mwandishi na mchapishaji kwa kila nakala inayouzwa. Piga hesabu mwenyewe. Mkataba wa kawaida wa Marekani kwa jalada gumu ni asilimia 10 ya bei kwa nakala 5,000 za kwanza, 12.5 kwa 5,000 zinazofuata, kisha 15. Kitabu cha dola 28 kinakupa dola 2.80. Ukipewa malipo ya awali ya dola 10,000, huo ni mrabaha wako uliotangulizwa: huoni senti nyingine mpaka ziuzwe nakala 3,572. Wakala, yule anayekutafutia mchapishaji, anachukua asilimia 15, unabaki na 8,500 kabla ya kodi, nazo huja kwa mafungu: ukisaini, ukikabidhi mswada, kitabu kikitoka. (Wanaoacha kazi kwa fungu la kwanza nawaonea huruma.)

Sanderson naye alianzia huko chini. Aliandika miswada zaidi ya kumi, mingine akiwa zamu ya usiku mapokezi hotelini, na kitabu chake cha kwanza kikatolewa na mchapishaji Tor mwaka 2005. Mwandishi wa fantasia Robert Jordan alipofariki mwaka 2007, mjane wake, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, akamchagua Sanderson amalizie mfululizo wa Jordan, The Wheel of Time. Vitabu vitatu, 2009 hadi 2013, vikamletea wasomaji waliokwisha kukusanywa na mwingine. Kwa hiyo 2022 hakuwa akitafuta wanunuzi. Wewe ukiiga Kickstarter leo bila wasomaji hao, utakuwa umefungua duka porini.

Ukiletewa mkataba, anza na mstari wa mrabaha. Je, ni asilimia ya bei ya jaladani, au ya fedha anazopokea mchapishaji baada ya punguzo la maduka? Duka likinunua kwa nusu bei, asilimia 10 hiyo hiyo inageuka dola 1.40.