Ukurasa wangu uhusu nini?

Maswali manne kutoka kwa vijana wa Lubumbashi wanaorusha video mtandaoni.

Nina mwaka mzima TikTok. Nimejaribu dansi, vichekesho, hata mechi za Mazembe. Nitajuaje kipaji changu ni kipi? (Binti wa Katuba)

Dada, kuhusu dansi umeniandikia mistari miwili. Kuhusu chikanda, chakula cha kukatwa vipande unachopika na mama yako kila Jumamosi, kumi na moja. Nimehesabu. Mizizi ya okidi za porini iliyokaushwa na kutwangwa, unga wa karanga, pilipili, magadi, halafu ile dakika mwiko unapogoma kuzunguka na mama bado anasema "songa". Urefu wa maelezo umekusaliti. Sisemi uwe mpishi. Huenda kinachokuvuta ni mikono ya mama, au wateja wanaobishania unene wa kipande. Rekodi Jumamosi nne bila kurusha chochote, kisha tazama kamera imekuwa ikikimbilia wapi.

Mimi nilianza kwa kumuiga mpishi mmoja wa Paris, siagi kila mahali. Nyumbani wakala bukari (ugali) na ndakala (dagaa) zao, siagi ikanibakia mimi.

Niongee Kifaransa, Kiswahili sanifu au hiki chetu?

Hiki chetu. Kilikomaa kwenye kambi za wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi iliyoundwa 1906 na kuleta watu kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na nchi inayoitwa leo Zambia, kila mmoja na lugha ya kwao. "Njo vile" ina ladha ambayo "ndivyo ilivyo" haiipati hata ikiungwa nazi. Mtu wa Mombasa akikwama, mwandikie maneno chini ya video. Kifaransa kitumie kama ndicho unachotumia ukigombana nyumbani. Wengi wenu mnakivaa kama koti la kuazima.

Kuchukua kazi ya wengine, kwa mfano kichekesho, ni wizi?

Inategemea umeifanyia nini. Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa hapa hapa 1978, alichukua picha za kale za wafanyakazi wa migodi akazipachika juu ya picha alizopiga mwenyewe za viwanda vilivyochakaa. Picha za kale hakupiga yeye, lakini hakuna aliyekuwa amewasimamisha wale wazee mahali pale. Wewe umechukua kichekesho cha mtu, umebadilisha shati tu.

(Aliyeuliza kuhusu simu mbovu: kaa karibu na dirisha, rekodi asubuhi, video iwe fupi. Mega za intaneti zitatosha.)

Papa, baba yangu, anasema napoteza muda. Nimjibu nini?

Usimjibu. Mketishe mbele ya simu, umuombe asimulie siku yake ya kwanza kazini. Ukimaliza, mwonyeshe kabla ya kuirusha. Ujiandae kurekodi upya, maana atasema kola yake haikukaa vizuri.