Sanduku liko chini ya kitanda

MUULIZE BI MWALIMU

*Shikamoo Bi Mwalimu,*

*Mimi ni binti wa Makorora, hapa hapa Tanga. Nimemaliza kidato cha tano, PCB, shule ya bweni huko bara, na sasa tuko likizo mpaka Julai. Kidato cha nne nilisoma shule ya kata, nikapata daraja la pili, mtaa mzima ukashangilia. Mwaka huu sijui umepitaje. Desemba nilipata Kemia 22, Fizikia 31, Biolojia 44. Mtihani wa kufunga shule nimepata Kemia 36, Fizikia 38, Biolojia 51, nimekuwa wa 41 kati ya 58. Mama hajui. Aliponiuliza nilisema "nimefaulu", akanipikia pweza wa nazi. Mama anauza vitumbua Ngamiani, na nauli yangu ya shule hutoka humo humo. Sasa anataka kukopa kwenye kikoba anilipie tusheni likizo nzima. Naona nimepoteza mwaka. Hata sanduku langu la shule sijalifungua tangu nifike, liko chini ya kitanda. Mwezi huu mmoja niufanyeje?*

*Binti wa Makorora*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nikiwa na kalamu mkononi.

Alama zako umeziandika kama mtu anayetaja madeni. Hebu tuzisome upya. Kemia ilikuwa 22, leo ni 36. Umepanda alama 14. Kutoka hapo ulipo hadi 50, ambayo ni D, zimebaki alama 14 zile zile. Biolojia yako ya 51 tayari ni D. Fizikia ya 38 ni S, ufaulu mdogo usiofikia prinsipo, na kinachoitenga na E ni alama 2 tu. Chuo kikuu wanataka prinsipo mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa E au zaidi, zenye jumla ya pointi 4, na D moja ni pointi 2. Kama moyo wako uko kwenye udaktari, basi ni D au zaidi katika masomo yote matatu. Mlima upo, sikufichi, lakini wewe hauko chini yake tena. Ile nafasi ya 41 iache huko huko shuleni. Baraza la Mitihani halitaandika popote kwamba ulikuwa wa ngapi darasani.

Kisha kumbuka ulikotoka. Nimefundisha Biolojia miaka 31, na wengi niliowapokea kutoka shule za kata walikuwa hawajawahi kushika bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia kimiminika maabara. Muhula wa kwanza wao unaishia kujifunza kuisoma tu, kuinama mpaka jicho liwe sawa na maji, wakati mwenzao wa meza ya pili alishalijua hilo tangu kidato cha pili. Kwa hiyo ile 22 ya Desemba mimi siishangai hata kidogo.

Sasa tuje kwenye sanduku.

Mwaka 1979 mimi nilirudi Tanga kutoka kidato cha tano na 27 ya Kemia. Pepa zangu nilizilaza chini kabisa ya sanduku la bati, juu yake nikapanga kanga, nikafunga kufuli. Likizo nzima nilikula machungwa ya Muheza na kuwakimbia wajomba wasije wakaniuliza. Nilikuja kuziona tena Desemba, nikitafuta kanga ya kwenda nayo harusini. Nikakaa sakafuni nikazisoma, na harusini nikachelewa. Nilikuwa nimepoteza alama 11 kwa kosa moja tu lililojirudia: sikuwa nageuza sentimita za ujazo kuwa desimita za ujazo. Ni kugawa kwa 1000, basi. Mwalimu alikuwa amezungushia wino mwekundu kila mahali, na pembeni ameandika "Vizio!" mara nne, ya nne ameipigia mistari miwili. Miezi sita nzima maneno yale yalikuwa chini ya kanga zangu, na mimi nikiamini kwamba sina kichwa cha Kemia. Mpaka leo naumia nikikumbuka.

Ndiyo maana nakuomba ulivute sanduku leo hii, kabla mama hajaenda kwenye kikoba. Toa pepa zote za mwaka, za Desemba na za kufunga shule, hata zile za majaribio ya wiki. Chukua daftari moja jipya. Kila ulipokosa, andika mada na andika aina ya kosa: hukuielewa mada, ulikosea hesabu, hukusoma swali vizuri, au muda ulikuishia. Kazi hiyo itakuchukua siku tatu au nne, na itakuchoma. Ukimaliza utajua kama unahitaji tusheni, na ya nini. Huenda ni mada mbili za Kemia, wiki mbili, si likizo nzima. Fedha itakayobaki ni ya mama.

Na mama mwambie. Mimi ni mama pia, na hili la pweza limenigusa kuliko alama zote ulizoniandikia. Usimwambie mbele ya watu wala wakati wa kula. Amka naye saa tisa usiku, mkoroge unga wa vitumbua pamoja, moto ukiwashwa na chuma kikianza kupata joto mwambie: "Mama, sikukueleza yote." Mpe alama za Desemba kwanza, halafu hizi. Mikono yake ikiwa na kazi atakusikia vizuri zaidi. Anaweza akanyamaza kidogo. Mwache anyamaze, wewe endelea kugeuza vitumbua visiungue.

Ratiba sina maneno mengi. Msaidie mama alfajiri, ulale kidogo, saa nne asubuhi uwe Maktaba ya Mkoa na daftari lako mpaka saa nane mchana. Jioni usisome. Nenda Raskazone na wenzako mkapunge upepo, maana kusi limeshaanza kuvuma na joto limetuachia. Kama una bibi Pangani au Muheza, mpe siku nne nzima bila kitabu. Umekaa bwenini mwaka mzima ukiamshwa kwa kengele, mwili nao una haki yake.

Kabla hujapanda basi mwezi wa saba, niandikie tena. Nataka kujua kwenye pepa ya Kemia ulikuta kosa gani limejirudia, na mama alisema nini.

Bi Mwalimu