Masomo ya kurekodiwa nyumbani: maswali yenu matano

Maswali mengi niliyopokea mwezi huu yanahusu jambo moja: mihadhara ya video na sauti, na namna ya kuitumia kumsomesha mtoto nyumbani. Nimechagua matano.

Shikamoo Mwalimu. Mtoto wetu ana miaka 8 na darasani kwao wamezidi mia. Tunataka kumtoa tumfundishe nyumbani kwa video. Inafaa? (Mama, Uyole)

Marahaba mama. Usimtoe. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka 7 aandikishwe shule, na video haikuondolei wajibu huo. Lakini uchungu wako naujua, maana katika darasa la watoto mia nani atalipitia daftari lake? Tumia video jioni na wakati wa likizo. Kwa umri wake dakika kumi zinatosha, nawe ukiwa umekaa pembeni yake.

Binti yangu aliugua akaachia shule kidato cha kwanza. Sasa anajiandaa na QT, yaani Mtihani wa Maarifa. Kila siku anaangalia mihadhara kutwa nzima, kesho yake hakumbuki kitu. Ni akili? (Baba, Mafinga)

Hapana baba, akili yake haina shida. Mwalimu wa kwenye video hamwoni binti yako akikunja uso, kwa hiyo hasimami. Kusimamisha ni kazi yenu.

Mwezi wa sita mwaka jana, baridi ya Mbeya ikiwa imekolea, nilikaa na mtoto wa kaka yangu mezani. Simu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai, somo ni osmosisi, yaani jinsi maji yanavyoingia na kutoka kwenye seli. Dakika ya nne nikasimamisha, nikamwambia afunge daftari anieleze. Akarudia maneno ya mwalimu yaleyale, kama kasuku. Basi tukakata vipande viwili vyembamba vya kiazi mviringo, kimoja tukakitia kwenye kikombe cha maji matupu, kingine kwenye maji yenye vijiko vitatu vya chumvi. Tulipovitoa baadaye, cha maji matupu kilikuwa kigumu, ukikikunja kinakatika. Cha chumvi kilikunjika kama kipande cha ngozi. Akakiminya, akanyamaza, akakiminya tena. "Kwa hiyo maji yametoka ndani ya kiazi, shangazi?" Tulipowasha video tena, alikuwa anamtangulia mwalimu.

Kwa hiyo mpunguzie binti video. Dakika 20 za kuangalia, 40 za kuandika bila kuangalia na kujibu maswali ya mitihani iliyopita. Msajili mapema kwenye kituo, maana akifaulu QT ndipo atakapoweza kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Mwanangu amemaliza la saba kwa Kiswahili. Nimempakulia mihadhara ya fizikia ya MIT, anasema haelewi hata sentensi moja. (Makambako)

Ana haki. Chuo hicho cha Marekani kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake bure mtandaoni, na ni hazina kubwa, ila fizikia ile ni ya wanafunzi wa chuo kikuu wanaosoma na kalkulasi. Mwanzishie tovuti ya Khan Academy, yenye vipindi vifupi kuanzia hesabu za msingi.

Lugha ndiyo inayoniumiza zaidi. Nimewaona watoto wenye uwezo wakijiita wajinga kidato cha kwanza kwa sababu tu somo limegeuka Kiingereza. Kabla ya kuwasha video, mwandikie maneno kumi ya Kiingereza atakayoyasikia, kila moja na Kiswahili chake: friction ni msuguano, acceleration ni mchapuko, pressure ni kanieneo. Punguza kasi hadi 0.75, washa maandishi ya chini. Mara ya kwanza ayasikilize maneno yale tu, mara ya pili afuate hoja. Kisha aeleze kwa Kiswahili, na mwisho aandike sentensi mbili za Kiingereza, hata zikiwa na makosa.

Weka pia mezani muhtasari wa somo (syllabus) wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika Januari 2024, na video nyingi ni za zamani au za nje, zenye futi na pauni.

Huku Kilolo mtandao ni wa kuotea na bando linaisha haraka. Tufanyeje?

Pakueni siku mnaposhuka Iringa mjini, mhifadhi kwenye memori kadi. Video ya kiwango cha 480 hula takriban nusu GB kwa saa. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, ni kama MB 29 tu. Historia husikilizika vizuri kwa sauti, hisabati haiwezekani. Masomo ya MIT yana leseni inayowaruhusu kumkopia jirani bila kuuza. Kozi za kulipia msizikopi.

Mimi niliishia darasa la saba. Nitamsaidiaje wa kidato cha pili? (Mama, Tukuyu)

Unaweza sana, mama. Unapomenya ndizi za jioni, mwite akueleze alichosikia leo. Usijifanye umeelewa. Akikwama, mwambie, "Hapo sijakupata, mwanangu," umwache arudi kwenye video mwenyewe. Akirudi na jibu, muulize amelijuaje. Asiporudi, ndizi za kesho pia zitamenywa.