Kwa nyati, anza na kichwa cha risasi

Swali: Fundi, salamu kutoka Lang'ata. Mwakani nimealikwa kuwinda nyati Tanzania, katika Pori la Akiba Rungwa. Marehemu baba aliniachia bunduki ya .30-06, na uwanjani naipiga vizuri. Rafiki yangu anasisitiza ninunue .458. Mzee mwingine ananiambia Bell aliua ndovu kwa 7mm, kwa hiyo kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu, si hoja. Nimsikilize nani, na nibebe risasi za aina gani?

Jibu: Pole kwa kuondokewa na mzee, ndugu yangu. Bunduki yake itunze. Kwa swala na kongoni inatosha kabisa, ila kwa nyati itabaki kwenye mfuko wake: Tanzania inataka .375 kwenda juu kwa wanyama hatari, na hakuna mwindaji wa kazi atakayekubali uingie nayo porini. Sisi huku Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo nakuelewa ukikosa jirani wa kumuuliza mambo haya.

Habari ya Bell ni ya kweli. Mskoti huyo alipita Karamoja akiwinda ndovu, na nyingi ya kazi yake aliifanya kwa 7x57, ndiyo hiyo 7mm ya mzee wako. Lakini alitumia kichwa kigumu, kirefu, kisichofunguka, na alilenga ubongo baada ya kupasua mafuvu kwa msumeno ajue umekaa wapi. Ukimwiga kwenye kaliba, mwige na kwenye hayo mengine, na sidhani una miaka ya kujifunza alivyojifunza yeye.

Kinachonishughulisha zaidi ni kichwa cha risasi. Mezani kwangu kuna kikopo chenye ushahidi wa aina mbili. Wa kwanza ni kichwa cha .375, greni 300, yaani gramu 19.4, tulichokitoa chini ya ngozi ya ubavu wa pili wa nyati dume. Kilivunja bega, kikapita mapafu yote mawili, kikaishia hapo. Mbele kimefunguka kama uyoga, nyuma bado kizima, na nilipokipima kilikuwa na greni 271. Wa pili huwezi hata kuuita kichwa: ni koti la shaba lililokunjika kama karatasi ya peremende, na vipande vitatu vya madini ya risasi vidogo kuliko punje ya mahindi. Kilikuwa chepesi, chenye kasi, kilichotengenezwa kwa wanyama wadogo, na mtu akampigia nyati bega. Kilipasukia kwenye mfupa. Tulifuata damu tangu saa tatu asubuhi hadi jua linazama, tukiingia vichaka ambavyo huoni hatua tano mbele, na mnyama yule aliumia siku nzima kwa sababu ya kosa la dukani.

Tatizo hili ni la zamani. Mmarekani John Nosler lilimkuta Kanada, vichwa vyake vikipasukia kwenye mwili wa moose, mnyama mkubwa wa huko mwenye pembe pana, bila kufika ndani. Akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inafunguka, ya nyuma inaendelea na safari. Alianza kuviuza mwaka 1948. Leo kuna na vile vilivyounganishwa koti na kiini visiachane, na vya shaba tupu. Chochote kati ya hivyo kinafaa kwa risasi yako ya kwanza. Zinazofuata ziwe vichwa vigumu, kwa sababu nyati aliyejeruhiwa mara nyingi unampiga akikimbia kukuacha, na hapo risasi inapaswa kupita mwili mrefu. Tahadhari moja: kichwa kigumu hutoka upande wa pili. Kama kuna mwingine nyuma yake kwenye kundi, usifyatue.

Bunduki? .375 H&H, iliyotoka kwa Holland & Holland wa London mwaka 1912. Inatupa greni 300 kwa mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde. .458 hutupa greni 500, na nguvu yake siibishi, lakini inalipiga bega vibaya, na aliyezoea .30-06 huanza kufumba macho kabla ya mlio. Jipime: mwambie mwenzako akupakie bunduki bila wewe kuona, achanganye risasi za mazoezi zisizo na baruti. Ukivuta kifyatulio kwenye hizo na mtutu ukainama, tayari unaogopa. Nyati dume ana kilo 600 na zaidi, na bado .375 iliyokaa mahali pake humwangusha.

Mahali pake, akiwa amesimama ubavu: panda na mguu wa mbele hadi theluthi ya kwanza ya mwili kutoka chini. Moyo wa nyati umekaa chini kuliko wengi wanavyodhani. Utapiga kutoka mita 40 hadi 80, kwa hiyo usihangaike na darubini kubwa. Jaribu aina zote mbili za vichwa kwenye mita 50 uone kama zinapiga sehemu moja, kwa sababu bunduki nyingine hukataa. Fanya mazoezi umesimama, mtutu juu ya magongo matatu, kwani mezani hutampata nyati.

Leseni na kibali cha kuvuka mpaka na silaha vianze sasa, havitoki kwa wiki moja. Ukiipata .375, niletee kabla hujafyatua hata moja, tupime urefu wa kitako na mkono wako. Kitako kifupi ndicho kinachopeleka darubini kwenye nyusi.